Kaka ataka mama apelekwe makao ya wazee, mjomba asema ni aibu: nifuate lipi?

Mshauri wetu mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani Mombasa, nimeolewa, nina watoto watatu, na nyumba yetu iko Bamburi. Mama yangu ana umri wa miaka 74 na ni mjane. Mwaka jana alishikwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia, na aliporuhusiwa kutoka hospitali tulimrudisha nyumbani kwake Kibokoni, katika Mji wa Kale, kwa sababu hapo ndipo alipoolewa, hapo ndipo alipotuzaa, na hapo ndipo alipotaka kurudi.

Nyumba hiyo ni ya ghorofa na mama analala juu. Ngazi zake ni zile za kizamani, nyembamba na zenye vidato virefu, kiasi kwamba tangu alipougua hajashuka ila kwenda kliniki, akiwa amebebwa kwenye kiti na mpwa wangu pamoja na vijana wa mtaani. Chumba cha chini, kilichokuwa cha wageni, tumekipangisha kwa mfanyabiashara wa nguo anayekitumia kama stoo, na kodi yake ndiyo inayonunua dawa za presha na nepi. Mchana kuna dada tunayemlipa, ambaye huondoka saa 11 jioni. Kuanzia hapo hadi alfajiri mgonjwa ni wangu: nampa chakula, nambadilisha, namsaidia kujitayarisha kwa swala, na usiku namgeuza ili asipate vidonda. Asubuhi naoga hapo hapo na kuelekea shuleni.

Kilichonifanya nikuandikie ni kwamba tangu Ramadhani iliyopita mama amebadilika. Jua likikaribia kutua huingiwa na wasiwasi, humwita marehemu baba, hudai apelekwe kwao ilhali yuko kwake, na usiku mmoja nilizinduka nikamkuta amejikokota mpaka penye kichwa cha ngazi. Tangu siku hiyo nalala kwenye mkeka mlangoni mwa chumba chake.

Kaka yetu anafanya kazi Doha na ndiye anayetuma fedha nyingi kuliko sisi sote. Amepata makao ya wazee ya binafsi upande wa Mtwapa, yuko tayari kulipa ada ambayo kwa mwezi inazidi mshahara wangu, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa ameambiwa chumba kimebaki kimoja. Mjomba, ndugu yake mama, alipopata habari alisema mbele ya watu kwamba mzazi haambiwi hata "ah", sembuse kutupwa kwa watu baki, na kwamba siku mama atakapopelekwa huko, yeye hatakanyaga tena kwetu. Dada yangu wa Malindi huja mwisho wa mwezi, tukalia pamoja, kisha akarudi kwake. Mume wangu hajalalamika, lakini mwanangu mdogo ameniuliza ni lini nitalala nyumbani. Mgongo unaniuma, na mwalimu mkuu amekwisha kunionya kwa sababu ya kuchelewa.

Mama mwenyewe, akiwa ametulia asubuhi, husema jambo moja tu: asitolewe nyumbani kwake. Nimjibu nini kaka, na nimjibu nini mjomba, nami nisije nikajuta?

Binti wa Kibokoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitakupa maoni yangu kwanza, kisha sababu zake. Kwa hali uliyonieleza, mama yako asipelekwe Mtwapa mwisho wa mwezi huu, lakini vilevile asiendelee kulala ghorofani akiwa chini ya uangalizi wa mtu mmoja aliyechoka. Kaka yako na mjomba wako wanabishana kuhusu mahali, wakati jambo linalotaka kuamuliwa ni nani atakuwa na mama katika kila saa ya mchana na usiku, na ana ujuzi gani wa kumhudumia. Hilo likipatiwa jibu, mahali patajulikana.

Kabla ya lolote, wiki hii mpeleke mama kwa daktari na umweleze mabadiliko hayo ya jioni kama ulivyonieleza mimi. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kuingiwa na ugonjwa wa kusahau kutokana na mishipa ya ubongo iliyodhurika, na ni kawaida kwa wagonjwa wa namna hiyo kuchanganyikiwa zaidi jua linapotua, mwanga unapopungua na mwili unapokuwa umechoka. Lakini mzee huweza pia kuchanganyikiwa kwa sababu zinazotibika: maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari kupanda au kushuka, choo kigumu, maumivu asiyoweza kuyaeleza, au dawa zisizopatana. Wazee wengi waliopooza hunywa maji kidogo kwa makusudi, kwa kuwa wanaona haya kumsumbua mtu awapeleke msalani, na katika joto letu la Pwani mtu wa hali hiyo hukauka upesi sana. Muulize dada wa mchana mama hunywa vikombe vingapi tangu asubuhi hadi anapoondoka. Itakuwa ni makosa makubwa kumhamisha mzazi kutoka nyumbani kwake kwa sababu ya wasiwasi ambao pengine ungepungua kwa kutibu mkojo.

Wakati mkisubiri majibu, washeni taa za chumba kabla giza halijaingia, punguzeni kelele na wageni saa hizo, na mama akimwita marehemu mzee msimjibu kwamba alikwisha kufa, kwa sababu kwake huo utakuwa msiba mpya kila jioni. Muulize habari za mumewe, mwache asimulie, kisha umwelekeze kwenye swala ya magharibi au kikombe cha uji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limo ndani ya barua yako, nawe umelipita kwa haraka. Mna chumba chini. Mama yako anaomba abaki nyumbani kwake, hatari kubwa ya nyumba hiyo ni ngazi, na chumba kisicho na ngazi kinahifadhi majora ya nguo za mtu mwingine. Ninaelewa kwamba kodi yake hununua dawa. Hata hivyo, kaka yako yuko tayari kutoa kila mwezi ada inayozidi mshahara wa mwalimu. Sehemu ya fedha hizo ikifidia kodi ya stoo, mama atalala chini, atasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi barazani asubuhi kabla jua halijawa kali, na majirani aliozeeka nao watamwamkia wakipita. Pale alipo sasa, mama amefungiwa na ngazi, na ninaamini upweke huo nao umechangia kumvuruga akili.

Zungumzeni na mpangaji kwa heshima, mumpe notisi ya maandishi yenye muda wa kutosha, kwa maana mpangaji wa biashara naye analindwa na sheria na hatolewi kwa siku mbili. Mkihitaji kuongeza choo au kupanua mlango, kumbukeni kwamba Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini. Anzeni kwa kuuliza katika ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa kabla hamjamwita fundi. Kwa kuanzia, kiti chenye tundu na ndoo kando ya kitanda kinatosha. Kuhusu kitanda, tafuteni cha hospitali kinachopanda na kushuka. Kikiwa juu wakati wa kumhudumia, mgongo wako utapona. Kikishushwa hadi chini usiku, akiteleza hataumia sana. Msitegemee vyuma vya pembeni kumzuia, kwa sababu mgonjwa aliyechanganyikiwa hujaribu kuvipanda na kuanguka kutoka juu zaidi.

Chumba cha chini hakitafaa kitu ikiwa usiku utabaki kuwa wako peke yako. Huwezi kufundisha watoto mchana na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, na mwili wako umekwisha kukuonya kabla ya mwalimu mkuu. Fedha za kaka yako ziajiri mhudumu wa usiku, mwanamke, aliyesomea kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani. Akidai kuwa ni muuguzi, ombeni leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya na muithibitishe. Mkubaliane kwa maandishi. Tangu Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kimezidi shilingi 16,000 kwa mwezi, na mtu mwenye ujuzi wa kumtunza aliyepooza anastahili zaidi ya hicho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa hiyo ni lazima mjue mapema nani atashika zamu anapokuwa hayupo. Hapo ndipo dada yenu wa Malindi anapoingia, kwa usiku kamili alioahidi na ulioandikwa. Mpwa wako hawezi kumwogesha bibi yake, lakini anaweza kwenda kununua dawa, kumsukuma kwenye kiti, na kulala chumba cha pili ili mhudumu asiwe peke yake.

Mama naye ana haki zake za kifedha mnazopaswa kuzifuatilia. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliotimiza miaka 70, wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ikiwa hajaandikishwa, muulizeni chifu au afisa wa maendeleo ya jamii. Hakikisheni pia kwamba mchango wake wa bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, umelipwa, ingawa huo ni wa matibabu na msitarajie ulipe mishahara ya wahudumu. Fedha hizi ni kidogo, lakini ni zake.

Yeyote mtakayemwajiri, mwangalie kwa macho yako akimlisha mama kabla hujamwachia usiku mzima. Kiharusi hudhoofisha umezaji, na chakula kinachopotea njia kikaingia mapafuni huleta nimonia inayoua wazee wengi waliopooza. Mama akae wima kabisa, apewe kijiko kidogo kidogo, asubiriwe ameze kabla ya kingine, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Akikohoa kila anywapo maji, au sauti yake ikasikika kama ina maji baada ya kumeza, daktari aambiwe. Kila anapobadilishwa, mhudumu atazame visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Wekundu usioondoka unapobonyezwa na kuachiwa ni mwanzo wa kidonda. Katika kumsogeza juu ya kitanda asivutwe kwa makwapa, maana bega la upande uliopooza huteguka kwa urahisi. Tandikeni shuka iliyokunjwa chini ya mgongo na makalio, watu wawili waishike huku na huku, wahesabu pamoja na kumtelezesha. Hii ndiyo dawa ya mgongo wako pia.

Nimesema asipelekwe Mtwapa mwezi huu. Sikusema kwamba makao ya wazee ni mahali pa aibu, wala sitaki barua hii itumiwe kumpiga kaka yako. Nyumba nyingi za wazee nchini zilianzishwa na watu wa dini ili kuwahifadhi wazee wasio na jamaa, na ndiyo sababu watu wetu wakisikia jina hilo huona mzee aliyetelekezwa. Lakini mzee mwenye watoto wanaompenda naye anaweza kufikia hali inayohitaji watu wawili kumwinua kila mara, muuguzi wa kusafisha vidonda au kulisha kwa mpira, na macho yasiyolala usiku kucha. Ikiwa nyumba yenu itashindwa kutoa hayo, au mhudumu wa usiku akakosekana kila mara na wewe ukaanza kumshika mama kwa ukali bila kukusudia kwa sababu ya uchovu, makao mazuri yatakuwa na huruma zaidi kuliko nyumbani. Binti anayefika mchana akiwa amelala vizuri, akamchana mama nywele na kumpaka hina, bado anamtunza mama yake.

Kwa hiyo nenda ukaiangalie nyumba hiyo ya Mtwapa ungali na muda, bila kutoa taarifa, na uende saa ya chakula cha jioni, kisha urudi siku nyingine usiku. Ukaribishwapo mchana kwa miadi utaonyeshwa bustani. Uliza wahudumu wa usiku ni wangapi na wazee ni wangapi. Uliza nani atamwogesha mama, na kama watakuahidi kwa maandishi kwamba ni mwanamke. Tazama kucha za wazee waliopo, tazama midomo yao kama imekauka, na ukae karibu na asiyeweza kujilisha uone sahani yake inaondolewa ikiwa na kiasi gani. Waulize watamsaidiaje kutayamamu pale ambapo maji yatakuwa na madhara, na watamwelekeza vipi kibla kitandani, kwani kwa mwanamke aliyeswali maisha yake yote hayo ni sehemu ya matibabu. Mjue ni hospitali gani watamkimbiza mdomo ukipinda tena au ulimi ukiwa mzito, na kwa gari gani, kwa kuwa dalili za kiharusi kipya hazingoji foleni ya barabara. Nani anakagua nyumba hiyo, na leseni iko wapi? Anayekuharakisha kwa kusema chumba kimebaki kimoja mwulize pia kama wanapokea mgonjwa kwa muda mfupi, wiki mbili kwa mfano. Huduma hiyo ingekufaa hata ukiendelea kumtunza nyumbani, pale mhudumu anapokwenda likizo. Na ufikirie umbali: jamaa wa Mji wa Kale wangapi watapanda matatu hadi Mtwapa kila wiki baada ya mwezi wa pili?

Mjomba wako amesema kweli kuhusu mzazi kutoambiwa hata "ah". Aya hiyo ya Kurani inaendelea kuagiza wazazi wasikemewe na waambiwe maneno ya heshima, na anayeweza kuitekeleza ni mtu ambaye hajavunjwa nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa mjomba mzigo wako umekuwa mwepesi hivyo kwa sababu hajaubeba hata jioni moja. Usibishane naye mbele ya watu. Nenda kwake na mume wako, umwamkie, na umwombe achukue zamu ya magharibi: aje kukaa na dada yake saa ile ya wasiwasi, amkumbushe habari za utotoni mwao, kwa kuwa sauti ya ndugu aliyekua naye inaweza kumtuliza kuliko yako. Mzee mwenye uchungu wa kweli na dada yake atakubali. Akikataa, utakuwa umejua ni uzito gani uyape maneno yake katika uamuzi huu.

Kisha kuna mama mwenyewe, ambaye katika mjadala wenu wote ametajwa mwisho. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Kuchanganyikiwa jioni hakumwondolei akili yake ya asubuhi. Keti naye saa ile anapokuwa mtulivu, umweleze kwamba ngazi zinakutia hofu, umwulize kama atakubali kulala chini, na umwulize anaogopa nini hasa anaposikia neno makao. Pengine anaogopa kuoshwa na mtu asiyemjua, pengine anaogopa kufa mbali na watu wake. Akishakuambia, utajua mhudumu gani atamfaa na ahadi gani anastahili kupewa. Usimwahidi kwamba hatatolewa kamwe, kwa maana huwezi kuidhamini ahadi hiyo. Mwahidi kwamba hakuna kitakachofanyika bila yeye kuambiwa.

Mpigie kaka yako mkiwa wote watatu kwenye simu, wewe na dada yenu mkiwa naye. Mshukuru kwanza, kwani amejitolea fedha ambazo ndugu wengi walio mbali hawazitoi, na ametambua kabla ya wengine kwamba umechoka. Mwambie jibu la Mtwapa kwa sasa ni hapana, na kwamba unamwomba fedha hizo hizo kwa miezi 3: kodi ya stoo, kitanda, mhudumu wa usiku, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye hukumtaja popote katika barua yako na ambaye mama anamhitaji. Mwambie utamtumia hesabu ya matumizi kila mwisho wa mwezi. Mwombe apange likizo yake iangukie ndani ya miezi hiyo, na akija alale Kibokoni katika nyumba ya mama, asikie mwenyewe usiku ulivyo. Miezi hiyo ikiisha mtakaa pamoja na taarifa ya daktari, mhudumu wa usiku na mama mwenyewe, muamue upya mkiwa na jambo mlilolijaribu.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, mwombe mpwa wako afunge kijilango chenye komeo penye kichwa cha ngazi, wewe na mume wako mkubaliane ni usiku upi wiki hii dada wa mchana atalipwa ziada alale na mama, na usiku huo ukalale Bamburi.